Koti la Nanasi

“Tunda linalolia halivishwi koti! Nimesema mara ngapi?”

“Bibi, niache! Litashika tu!”

“Litashika wapi? Hebu tazama!”

Lusajo akatazama. Kipande cha nanasi alichokichovya kwenye chokoleti kilikuwa kimeshavua koti lake pale pale kwenye sahani. Kimebaki uchi, cha njano, kinameta maji, na chokoleti imetuama chini kama tope. Akasonya. Akachoma kingine na kijiti, akakizamisha kwa hasira. Nacho kikavua.

“Unanisonya mimi, mume wangu?” Bibi akauliza, kwa utani wake wa kumwita mjukuu mume.

“Siyo wewe. Nanasi.”

“Nanasi lina kosa gani? Umelikata sasa hivi, bado linatoka machozi, we unalivisha tu. Kosa la kwako unalisonyea tunda.”

Yaani Lusajo alikuwa na haraka, na haraka yake ilikuwa na sababu. Chumba cha uani, dada yake Atupele alikuwa anafunga sanduku. Kesho anaolewa, anaondoka Kyela moja kwa moja. Na tangu sherehe ya kumuaga hajamsemesha mdogo wake hata neno.

Siku ile Lusajo alipewa kipaza sauti. Mtu kamaliza shule, hana kazi, mdomo ndio unaofanya kazi, mpe kipaza sauti uone. Akawasimulia watu ugali wa kwanza wa Atupele: nusu umeungua, nusu unga mtupu, na wote wakaula kimya. Ukumbi mzima ukacheka. Ambacho hakukisema ni kwamba ugali ule ulipikwa jioni waliyotoka kumzika mama yao. Atupele alikuwa mdogo, jiko limemshinda, lakini mdogo wake alikuwa na njaa.

Sasa ndiyo Lusajo akaamka na wazo la chokoleti, maana Atupele anaipenda tangu utoto. Kakao ilikuwa ya shambani kwao. Kaikaanga, kaipeta maganda, kaitwanga, kaisaga juu ya jiwe mpaka ikatoa mafuta, katia sukari, kaweka bakuli juu ya sufuria ya maji moto. Nyumba nzima ilinukia utamu na moshi, na mvua nje ilikuwa nyembamba, ya kulaza watu. Alishaiona picha: anagonga, anaingia na sahani, dada anacheka, yamekwisha. Hakuna haja ya kusema kitu.

“Hiyo methali umeitunga sasa hivi,” akamwambia Bibi.

“Mimi? Nimeikuta. Kaa chini.” Bibi akavitandaza vile vipande vilivyobaki juu ya kitambaa safi. “Methali hii ilianza hivi.”

Lusajo akakaa kwenye kigoda. Mvuke ukawa unapanda kati yao, na sauti ya Bibi ikawa kama inatoka ndani ya mvuke wenyewe.

Palikuwa na mwanamke, Bupe, mpishi wa wageni kule misheni. Huko ndiko alikojifunza kuvisha matunda chokoleti. Na shoga yake Sekela, walikua pamoja kama kidole na kucha. Basi Sekela akafiwa na mtoto. Wanawake wote wakaja, wakakaa naye chini kwenye majani ya migomba, kama ilivyo desturi. Bupe hakuja. Misheni kulikuwa na karamu, akasema nitakwenda kesho. Kesho ikazaa kesho. Matanga yakaondolewa. Akaona aibu kwenda.

Siku moja akakata nanasi harakaharaka, akalichovya, akapanga kwenye sinia kama vile vito, na pembeni vipande vitupu na kibakuli cha chokoleti ya kuongezea. Akaenda anaimba tangu njiani.

“Shoga! Nimekuletea kitu hujawahi kuonja!”

Sekela akachukua kipande. Koti likamvujia mkononi, likateremka mpaka kwenye kiwiko, na maji ya nanasi yakawa yanadondoka tone, tone, kwenye mkeka.

“Bupe,” akasema taratibu, “hata tunda lako linalia. Umelivisha koti hujalifuta machozi.”

“Nitakutengenezea mengine, shoga, mazuri zaidi ya—”

“Mtoto wangu uliwahi kumbeba wewe.”

Basi. Bupe akaweka sinia chini. Akakaa palepale sakafuni, pembeni ya mkeka, akalia kwa sauti, kama mtu aliyefika msibani saa ile ile. Akamtaja mtoto kwa jina. Sekela naye akalia. Mvua ikanyesha, ikakatika, wako palepale. Lile sinia walilisahau, na wanasema vile vipande ambavyo havijachovywa vilikauka vyenyewe kwa upepo wa mlangoni. Jioni wakaipasha moto ile chokoleti ya kibakuli, wakavichovya pamoja, wawili. Vikashika.

Bibi akaishia hapo, akasukuma kuni ndani. Lusajo alikuwa anaangalia moto, lakini alichokiona ni jiko jingine, la zamani, na msichana mwembamba anapigana na mwiko uliomzidi urefu, moshi unamtoa machozi, au siyo moshi.

“Alinipa upande usioungua,” akasema.

“Nani?”

“Dada. Ule ulioungua alikula yeye.” Akainuka kwenye kigoda. “Hilo sikulisema kule ukumbini, Bibi.”

Bibi akagusa nanasi kwenye kitambaa. Lilikuwa kavu. Akachovya kipande kimoja, akakiinua juu: koti limeshika, jeusi, linang’aa.

“Haya, mume wangu. Sahani yako hii sasa.”

Lusajo akaitazama ile sahani. Akaisogeza mbali, akajifuta mikono kwenye suruali.

“Baadaye,” akasema. “Tutachovya naye. Tunda linalolia halivishwi koti.”

Akatoka mikono mitupu kwenye ile mvua ya uani, kuelekea chumba cha dada yake, akaufunga mlango nyuma yake.