Madoa ya Kanga na Kibaba cha Buku

Paukwa!

Pakawa!

Palikuwa na nini?

Palikuwa na chungu.

Na ndani ya chungu?

Mnajua wenyewe. Kila nyumba na chungu chake. Basi sogeeni, mnyamaze, mnisikilize.

Hapo zamani za kale, zamani ambazo wanyama walikopeshana kama sisi tunavyokopeshana, alikuwako Kanga. Kanga wa siku hizo hakuwa na doa hata moja. Alikuwa mweusi ti, kama chungu kilichokaa mekoni miaka. Mumewe alichukuliwa na mwewe, akamwachia watoto saba na shamba la mtama kando ya kichuguu.

Mwaka huo mvua ilichelewa. Mtama ulikuwa bado mchanga. Kanga akaingia ghalani, akapima. Akaona akiba inafika mavuno, mradi apike chungu kimoja kwa siku. Kibaba kimoja cha mtama, watoto saba wanashiba. Na siku ya upungufu, kichuguu kile kimejaa mchwa, ni kuparua tu.

Lakini Kanga alikuwa na kasoro, na mimi si wa kumcheka. Alipika vyungu viwili. Kimoja cha watoto. Cha pili alikiweka mlangoni, hakukifunika, ili kila apitaye asikie harufu aseme, "Kwa Kanga hawaijui njaa." Akimwona mtu kwa mbali, anaita, "Karibu jirani, tule!" Chungu cha kwanza kilikuwa cha njaa. Cha pili kilikuwa cha sifa. Kuhusu mchwa alisema, "Mimi nionekane naparua? Watu watasemaje?"

Sifa ikamaliza ghala.

Kanga akaenda kwa Buku, yule panya mkubwa aliyeficha nafaka nyingi chini ya ardhi. Kila alfajiri Buku alikaa mlangoni pa shimo na kibaba chake mkononi, akikopesha.

"Karibu, bibie," akasema Buku. "Habari za asubuhi?"

"Njema, Mzee Buku. Nimepita tu."

"Watu hawapiti tu kwenye shimo, bibie. Sema."

Kanga akatazama huku na huku. "Nikopeshe vibaba sita. Mwezi ukiandama nitavirudisha."

"Desturi yangu unaijua. Nakopesha kwa mfuto, narudishiwa kwa tele."

Maana yake, akikupa anafuta juu ya kibaba, mtama unakuwa sawa na ukingo. Ukirudisha, unajaza mpaka kilele kinasimama na punje zinamwagika. Kanga akakubali. Buku akapima sita, na kila kibaba akakifuta kwa mkia wake, fyuu.

"Na tafadhali," akasema Kanga, "majirani wasijue."

"Bibie, mdomo wangu umejaa punje. Utasema saa ngapi?"

Kanga alipofika kwake alichovya ukucha katika jivu, akajitia madoa sita chini ya bawa, pasipoonekana, asije akasahau anachodaiwa. Kisha akapika kibaba kimoja. Watoto watano wakashiba. Wawili wa mwisho wakabaki wameachama.

"Mama, na sisi je?"

Kanga akatazama chungu. Kitupu. Akashangaa, maana kibaba ni kibaba. Akataka kurudi kumwuliza Buku. Lakini atauliza vipi bila watu kujua kwamba amekopa? Mdaiwa hana mdomo. Akanyamaza.

Mwezi ukaandama. Kanga hana kitu. Akaenda kwa Ngiri.

"Kaka Ngiri, nikopeshe vibaba tisa."

Vinane ni vya Buku, maana sita vya tele huingia vinane vya mfuto. Cha tisa ni cha watoto.

"Dada, mimi mtu wa kuchimba, sina maneno mengi," akasema Ngiri. "Chukua tisa. Rudisha kumi."

"Na majirani..."

"Nimekwambia sina maneno mengi."

Kanga akamlipa Buku. Akapika kile kibaba kimoja cha Ngiri. Watoto saba wakashiba, wote. Kanga akaliona jambo lile, akanyamaza tena. Akajitia madoa tisa bawa la pili. Akajaribu kuyafuta yale sita ya kwanza, kwa kuwa deni lile limelipwa. Hayakufutika. Sijui kwa nini. Hayakufutika tu.

Siku ya Ngiri ikafika. Kanga akaenda kwa Kima.

"Kumi tu, shemeji?" akasema Kima, akicheka. "Chukua! Wala sitaki nyongeza. Mimi na wewe nyongeza ya nini? Nitakuwa napita jioni kuonja kidogo, basi."

Kanga akafurahi. Akamlipa Ngiri kumi vyake. Akajitia madoa mengine kumi, mgongoni.

Jioni ikafika. Vyungu viwili bado viko mekoni, sasa vya mboga za porini alizochuma gizani. "Hodi, shemeji! Leo mmetia chumvi?" Kima akaonja chungu cha sifa, akakimaliza. Jioni ya pili: "Hodi, shemeji! Mbona leo kidogo?" Akamaliza chungu cha sifa, akaonja na cha watoto. Jioni ya tatu Kima hakupiga hodi. Alikutwa amekaa.

Ndani ya nyumba pakakauka. Watoto wakalala kwa maji. Kanga akarudi pale alipoanzia, kwa Buku.

"Vibaba kumi," akasema Kanga, akitazama chini.

"Kumi ni vingi, bibie. Safari hii nitataka na rehani. Siku ya kwanza ya kuvuna, kumi vya tele. Ikipungua punje moja, shamba la kichuguuni ni langu."

Kanga akalifikiria lile shamba. Ndilo alilowaachia watoto baba yao. Lakini aliwafikiria pia watoto wenyewe, wamelala kwa maji. Akasema, "Haya." Madoa mengine kumi. Sasa alikuwa nayo thelathini na tano, na pa kuyaficha hakuna. Akawa anatembea amebana mabawa, jua likiwaka. "Kanga, una homa?" majirani wakamwuliza. "Kidogo," akajibu.

Mtama ukaiva. Kanga akatembea shambani, suke kwa suke, akapima kwa jicho. Vibaba kumi na viwili. Vya tele kumi vinataka kumi na vitatu na zaidi. Basi shamba limekwenda.

Asubuhi ya mavuno mmoja wa wale watoto wawili wa mwisho akamwuliza, "Mama, kwa nini kibaba cha Ngiri tulishiba saba, na cha Buku tunashiba watano?"

Kanga akasema, "Mwanangu, nilijua tangu siku ya kwanza."

"Mbona hukusema?"

"Niliona haya. Nilitaka watu wanione sina shida. Na haya yangu ndiyo iliyomlisha Buku."

Akamwomba Mungu amsamehe. Kisha akatoka, akapanda juu ya kichuguu, akayafungua mabawa yote mawili, madoa yote nje, akapaza sauti:

"Nadaiwa! Nadaiwa! Jamani, nadaiwa! Kima, nadaiwa! Buku, nadaiwa! Njooni mpime, mtama upo!"

Wakati huo Buku yuko mlangoni pa shimo lake anamkopesha Pimbi. Aliposikia "mtama upo," alimwacha Pimbi ameshika kikapu, akatoka mbio na kibaba mkononi. Pimbi naye akamfuata na kikapu chake. Ngiri akaja na kibaba chake na mtama kidogo. Kima akaja anatafuna. Nyika nzima ikaja, kusikia harufu ya aibu ya mtu.

"Tazameni," akasema Kanga. "Kila doa ni kibaba. Chungu kilichokuwa mlangoni pangu, mliokula mlikula deni. Mimi ndiye mkosaji, simsingizii mtu."

Mtu akikiri mwenyewe, wa kumsengenya anabaki hana kazi.

"Maneno mazuri," akasema Buku. "Sasa kumi vya tele, bibie, au shamba."

"Utapata chako. Ila kwanza Kaka Ngiri ajaze kibaba chake, akimimine ndani ya hicho ulichoshika."

Buku akakitazama kibaba chake. Akakumbuka kitu. Akakificha mgongoni. "Hiki ni cha nyumbani. Ngojeni nikalete kingine."

"Kingine cha nini?" akauliza Pimbi. "Si hicho ulichokuwa unanipimia mimi sasa hivi?"

Ngiri akakichukua kibaba cha Buku, akamimina mtama wake ndani. Kikajaa, na cha Ngiri bado kina mtama. Akaendelea kumimina. Punje zikamwagika chini, na wale watoto wawili wa mwisho wakaja, wakaziokota, wakashiba.

Ngiri akapindua kibaba, akaingiza jino, akachokoa. Likatoka bonge la nta.

"Hii nini?"

"Nta," akasema Buku. "Ya kuzibia ufa."

"Ufa gani mnene hivi?"

"Kumbe!" akapiga kelele Pimbi. "Na mimi wanangu hawashibi, nawanywesha dawa ya minyoo!"

Maana Buku alikuwa akikopesha, anaibandika nta. Akilipwa, anaibandua. Siku ile tamaa ilimwita mbio, akasahau ametoka kukopesha.

Wakakaa kuhesabu. Mimi hesabu sikuzisoma sana, lakini Ngiri alizifanya kwa punje chini, na kila mtu akaona. Vibaba vyote alivyopewa Kanga na Buku mara mbili, kwa kipimo cha haki, havikuzidi kumi na kimoja. Alikwisha lipa vinane. Vimebaki vitatu.

Kanga akapima vitatu, vya mfuto, akafuta kwa bawa lake, fyuu. Buku akavichukua, akaingia shimoni. Mpaka leo Buku haonekani ovyo mchana.

"Na mimi, shemeji?" akauliza Kima.

"Wewe ni kumi, na nitakulipa kumi. Kibaba kimoja kila mwezi ukiandama. Ila kwangu huli tena."

"Hata kuonja?"

"Hata kunusa."

Watu wakacheka, na Kima akacheka nao, ingawa si sana.

Kanga akavuna shamba lake, akalipanda tena mvua ya pili. Akapika chungu kimoja, akakifunika. Siku ya upungufu aliwachukua watoto kichuguuni, mchana kweupe, wakaparua mchwa, na waliopita wakapita. Miezi kumi, vibaba kumi, Kima akalipwa. Siku ile ya mwisho Kanga akaenda mtoni, akaoga, akajisugua kwa mchanga. Akajitazama majini. Madoa yako palepale.

Ndiyo maana Kanga ana madoa mwili mzima. Na ndiyo maana akiona jambo hanyamazi, anapiga kelele mpaka nyika yote ijue. Kunyamaza alikwisha kulipia.

Hadithi inatufundisha hivi. Kupika kwa ajili ya macho ya watu ni kuwakopea watu. Kukopa ulipe ni kuhamisha shimo, si kulifukia. Na mwenye deni akificha deni lake, anamfichia pia anayemwibia. Mola husamehe yaliyo baina yako na Yeye. Kibaba cha jirani hakisamehewi mpaka jirani mwenyewe aseme basi. Kiri, punguza chungu, lipa kidogo kidogo.

Na mimi ninayewasimulia, nilikuwa napita njia ya nyuma, kwenye miiba, nisipite mbele ya duka lenye sukari yangu na mafuta ya taa yangu kwenye daftari. Mwaka mzima nilipita miibani. Siku niliyopita mbele, mwenye duka aliniambia, "Mbona ulipotea? Nilidhani unaumwa." Nimekwisha mlipa. Alama za miiba bado ninazo, hizi hapa miguuni.

Hadithi yangu nimeipima kwa tele mbele yenu. Iliyomwagika, waokote watoto. Kibaba nakirudisha mahali pake, kitupu, na ndani hakina nta.