Nyumba Iliyorukwa

Ndugu zangu, leo nina mfano mfupi, kwa hiyo wenye kusinzia mnivumilie kidogo.

Palikuwa na jumuiya moja yenye kaya kumi na nne. Walikuwa na msalaba wa mninga, mzito, urefu wa mkono wa mtu mzima. Kila Jumamosi alfajiri walisali katika nyumba ulimolala, kisha wakausindikiza kwa nyimbo hadi nyumba inayofuata, ukalale huko wiki nzima. Zamu ni zamu. Hata sisi hapa tunafanya hivyo, si ndiyo?

Basi zamu ikafika kwa mama mmoja mjane. Wiki ile ile mwanawe alikuwa amerudi baada ya miaka sita mjini. Kijana wa miaka thelathini, fundi wa mabomba, mtu mpole. Na kila mtu alijua kwa nini aliondoka. Siku moja alimwambia mama yake, "Mama, moyo wangu huvutwa na wanaume wenzangu," na maneno hayo yakavuka ukuta. Mnazijua kuta zetu. Kanisani wakawa wanamwachia benchi zima akae peke yake, mpaka akafunga mzigo akaenda zake.

Sasa amerudi, na akamwambia mama yake, "Nitangoja Jumamosi. Msalaba ukiletwa hapa, nitabaki. Usipoletwa naondoka, na safari hii usinitafute."

Mama akaazima viti. Akafagia uwanja mara mbili. Akapika uji wa ulezi sufuria zima, akakaa kusubiri.

Sala ilipokwisha kule nyumba ya jirani, mwenyekiti wa jumuiya akafungua daftari lake, akakohoa. "Wapendwa, leo tunaruka nyumba moja. Msalaba mtakatifu hauwezi kulala chini ya paa moja na mtu kama yule."

Watu wakatazama vidole vya miguu yao. Ninyi mngesema neno? Mimi ningesema? Tusidanganyane.

Palikuwa na bibi mmoja, mkali kama pilipili. Ndiye aliyekuwa akiwatoa nje watoto wanaotafuna karanga kwenye ibada. Wote walidhani atamuunga mkono mwenyekiti. Bibi akainuka, akajifunga kanga kiunoni.

"Mwenyekiti, huu msalaba haujawahi kulala kwangu?"

"Umelala, bibi. Mara tatu."

"Na miaka tisa sikumsalimia dada yangu wa tumbo moja, mpaka tukamzika. Uliwahi kuanguka kutoka kwenye msumari wake?"

"Hapana, bibi."

"Umelala kwa mtu aliyesogeza mpaka wa shamba la nduguye. Umelala kwako, na wewe binti wa kazi unamlaza jikoni sakafuni. Haukuanguka. Leo ndiyo umeshikwa na kizunguzungu?"

Watu wakacheka, ingawa yule wa mpaka wa shamba hakucheka. Mwenyekiti akasema, "Bibi, basi walau tuulize parokiani kwanza."

"Uliza, mwanangu. Utatukuta tunasali."

Akautoa msalaba ukutani, akaanzisha wimbo kwa sauti yake ya kukwaruza, akatoka. Peke yake, ndugu zangu! Hatua kumi, hatua ishirini, hakuna anayeitikia. Kisha akaitikia mmoja. Wakawa wawili, wakawa sita, na walipofika kwenye kona ya kisima jumuiya nzima ilikuwa barabarani inaimba, mpaka watu wa dini nyingine wakafungua madirisha.

Kule kwa mjane uji ulikuwa umeshafanya utando. Kijana yuko mlangoni, begi begani. Mama amemshika mkono wa shati. Ndipo wakausikia wimbo.

Bibi akafika anahema. "Weka begi chini, mjukuu wangu, unipokee. Mti huu mzito, na bega langu limekwisha."

"Mimi, bibi? Niubebe mimi?"

"Kwani leo zamu ya nyumba ya nani?"

Kijana akashusha begi. Pale pale begani lilipokuwa begi akauweka msalaba, akauingiza ndani kwa mama yake, analia na kuimba kwa pamoja. Na mama yule alipiga vigelegele mpaka kuku wa mtaa mzima wakatawanyika!

Sasa rudini mumtazame mwenyekiti. Amebaki peke yake kwenye ua wa jirani. Daftari analo. Orodha ya nyumba zinazofaa anayo, imeandikwa kwa mwandiko mzuri. Msalaba hana.

Ndugu zangu, sisi tumekesha tukiulizana kama watu hawa wanafaa kukaribishwa kwetu. Kumbe Bwana ameshatoka, yuko barabarani anakwenda kwao, na sisi tumebaki uani na daftari! Najua mtaningoja pale mlangoni mniulize Maandiko yanasemaje. Njooni na Biblia zenu, sitawakimbia. Lakini tutakwenda kuzisomea kule, kwenye viti vya yule mama, na kijana ameketi katikati yetu na bakuli lake la uji.

Hata hapa kuna nyumba tumeziruka. Tunazijua, msigeuze shingo. Jumamosi hii alfajiri mimi ndiye nitakayeubeba msalaba, na sauti yangu mnajua ilivyo mbaya. Nani ataniitikia?