Bei ya Mume Kibuyuni

Hadithi njoo, na mwenye usingizi akalale!

Zimwi lilimpulizia Shekue dawa, akawa mdogo kama panzi, likamtia kibuyuni. Likamwambia mke wa Shekue, “Lete ng'ombe, ama nammeza!”

Mkewe, Mashavu, alikuwa mchuuzi wa nazi. Akakitikisa kibuyu sikioni kama atikisavyo nazi. “Ng'ombe mzima kwa mkoromaji huyu?”

“Basi mbuzi.”

“Hata kuchanja kuni hajui!”

“Basi kuku!”

“Na sufuria ya ugali humaliza peke yake.”

Zimwi likaingiwa na hofu ya hasara. “Mchukue bure! Kuku nakuongeza mimi, ila mume usimrudishe!”

Njiani Shekue, aliyekwisha kutolewa kibuyuni na kurudishiwa kimo chake na zimwi, alinuna. “Kumbe sina thamani?”

Mashavu akacheka. “Mume wangu, uliona wapi mnunuzi akikisifu anachokitaka?”