Mstari wa Macho ya Mama

Hapo zamani, si za kale sana, maana simu zilikuwepo na uvivu ulikuwepo, Bi Mashavu msuka mikeka alikuwa na watoto watatu: Mize, karani wa mjini, Faki, mwenye gari, na Riziki, kitinda mimba, aliyeishi naye nyumbani.

Mize alipenda utaratibu kupita kiasi. Alifungua faili moja la maandishi matupu, bila rangi wala mapambo, wote watatu walione kwenye simu zao. Kila kazi mstari mmoja. Mbele ya mstari, jina la mradi: NYUMBA, SHAMBA, MAMA. Kazi ya kungoja ilitiwa tarehe ikashuka chini. Tarehe ikifika, ilipanda yenyewe. Na sheria ilikuwa moja: anayefuta mstari, yaani kuutia neno "tayari" na kuushusha, ndiye mwenye dhamana yake.

Siku moja Bi Mashavu akasema, "Mwanangu Mize, kwa jicho hili naona ukungu."

Papo hapo Mize akaandika: MAMA, macho, hospitali, Faki. Moyo wake ukatulia kana kwamba amekwisha kumpeleka.

Faki akasoma. Paa lilivuja na masika yalikuwa yanabisha hodi. Akaona paa kwanza, hospitali akaitia tarehe ya baada ya mvua. Mstari ukashuka chini.

Mvua zikaisha, mstari ukapanda. Faki yuko safarini, Riziki akamwuliza mama. "Niache nimalize mkeka wa harusi ya Hadia, binti wa jirani," akajibu Bi Mashavu. "Hospitali haihami." Riziki akaahirisha, tarehe asitie, maana nani ajuaye mkeka utaisha lini? Mstari ukashuka chini. Na usio na tarehe haupandi.

Kila Ijumaa Mize alifungua faili, akakuta juu peupe, akashukuru: "Alhamdulillahi, hatuna kiporo."

Mkeka ukaisha. Palipotakiwa kijani pakawa na nyekundu. Mamake Hadia akacheka, kisha akamtazama Bi Mashavu machoni, akamwambia Riziki ampeleke hospitali siku hiyo hiyo.

Daktari akasema, "Ni presha ya macho. Mngemleta mapema tungeyaokoa. Yaliyokwenda hayarudi."

Nyumbani wakawashiana moto.

"Mimi nilitia tarehe, na tarehe ilifika," akasema Faki. "Tena paa lile ndilo lililomkinga mama."

"Mimi nilitii kauli ya mama," akasema Riziki. "Nyinyi mwaja sikukuu kwa sikukuu. Nani amchoteaye maji?"

"Mimi niliandika siku ile ile!" akasema Mize. "Mlitaka nifanye nini zaidi?" Lakini mwenyewe alijua. Siku ile alikuwa likizo, tena amekaa ubavuni mwa mama.

Bi Mashavu akasema, "Nisomeeni hiyo orodha yenu."

Riziki akasoma. "Paa, tayari. Banda la kuku, tayari. Mlango kupakwa rangi, tayari."

"Rangi gani?"

Riziki akaiweka simu chini. Mize akalia kwa uchungu na kwa aibu, akaichukia orodha yake na mkono ulioiandika.

Mstari ule bado uko chini kabisa, hapana aliyethubutu kuufuta. Haya, nyinyi mnaonisikiliza huku kazi zenu mmezilaza hadi kesho, nijibuni. Aufute aliyeandika akaridhika? Aliyetia tarehe akaondoka? Asiyetia tarehe akatii? Au mama mwenyewe, aliyesema hospitali haihami? Je, dhamana ya macho yale ni ya nani?