Mguu wa Zimwi

Tegeni masikio, niwasimulie!

Mashavu aliweka nadhiri kwamba mwanawe akipona, atakwenda kwa miguu hadi kaburi la walii. Mtoto akapona, mama akashika njia. Siku ya tatu mwiba ukamchoma, mguu ukavimba.

Zimwi likatokea. "Mama, tubadilishane miguu."

Akakataa. Likarudia, akakataa. Mara ya tatu maumivu yakamshinda, akakubali.

Loo! Mguu mpya ulipogusa ardhi tu, ukageuka na kumkimbiza alikotoka! Mashavu akapiga ukelele, akajitupa chini. Akaufunga kwa kanga, nao ukirusha mateke, akatambaa kwa viwiko siku tatu.

Bawabu wa kaburi alimwona, akaachama. "Mama, wenzako waliokuja kuzuru wamekwisha kuondoka!"

"Basi nifungulie. Nitaomba peke yangu."

Akainua mikono. Mguu ukatulia tuli.

Njia yake ikaishia hapo, na maneno yangu pia.