Mlima Uliokuwa Dukani kwa Chaula

Lori halinunuliwi tambarare. Ndivyo nilivyosema, na neno langu silirudishi. Otilia, usininunie mbele ya mgeni. Mmeniuliza msemo huu umetoka wapi, na kwa kuwa babu yenu bado yuko safarini humo chumbani, na hawezi kusimama mpaka afikishe mzigo, muda tunao. Festo, mwanangu, sogeza kiti, jua linakufuata. Mwanzo wake ulikuwa hivi, na sikuhadithiwa. Nilikuwapo, tena pesa nimezishika mkononi.

Watu wengi hapa Makambako wanadhani ni methali ya madereva. Madereva wenyewe wamekwisha kuidai. Lakini haikuzaliwa barabarani. Ilizaliwa nyuma ya stendi, dukani kwa Chaula anayeuza kompyuta mpakato, hizi mnazoita laptop, na lori lililohusika halikuwa na tairi hata moja.

Babu yenu aliendesha malori miaka thelathini na mmoja. Alikwenda Tunduma, akaenda Lubumbashi, akarudi na vumbi la nchi tatu kwenye nguo moja, na aliyelifua ni mimi. Halafu goti la kulia likakataa. Daktari akasema breki ya lori inataka goti zima. Kampuni ikasema ahsante, ikampa cheti na saa ya ukutani, na mtu akarudi nyumbani kukaa.

Chekeni tu, ila mwaka ule ulinitesa. Mwezi wa kwanza alinisimamia kila kitu. Nikijitwika kapu la nyanya ananizunguka, anagusa kamba, ananiambia mzigo umekaa upande, nitapinduka kwenye kona. Nikirudi kinyumenyume kumwaga maji, namkuta nyuma yangu ananiongoza kwa mikono: njoo, njoo, kata kushoto, hapo hapo. Nilitamani kumrudisha kampuni na cheti chake. Mwezi wa pili akanyamaza, na hapo ndipo nilipoogopa. Alikaa kwenye benchi lile pale, uso kwenye barabara kuu. Lori likipita, anataja gia kwa sauti ya chini, basi. Chakula anakisukuma. Mwanamume niliyemzoea akipiga honi tangu kona ya kanisani ili nimwekee maji ya kuoga, sasa unamwita mara tatu ndipo anageuka. Nililia, siwafichi. Nililia jikoni nikasingizia moshi.

Pasaka tukaenda Iringa kwa Osmund, mtoto wa dada yangu, yule fundi umeme. Osmund alikuwa na gemu ya kuendesha malori kwenye kompyuta, pamoja na usukani wa plastiki unaofungwa mezani na pedali laini ambazo hata goti bovu linaziweza. Akamkalisha babu yenu pale, kwa utani tu. Dakika kumi. Alipoinuka alikula sahani mbili za wali, na njia nzima ya kurudi alinisimulia kona alizokata, mimi nikiitikia kama mwanamwali. Sikumbuki nilimsikia lini mara ya mwisho akisema maneno mengi hivyo.

Nikaamua. Nilikuwa na pesa za tangi la maji, misimu miwili ya viazi imo mle. Nikamwambia, baba Ditrick, maji tutaendelea kuchota, twende ukatafute hiyo kompyuta. Nilijua ninachokifanya. Tukikosea, sina tangi na sina mume, kwa maana Chaula alikuwa amebandika karatasi mlangoni kwamba mali ikishatoka haipokelewi.

Osmund alitupa vitu vitatu: usukani wake wa zamani, gemu yenyewe kwenye kidude cha kuchomeka, na karatasi. Kwenye karatasi aliandika kuwa gemu ile ni nzito, si kila kompyuta inaiweza. Inataka memori nyingi, nafasi ya kutosha, na kadi ya picha ya kwake yenyewe, yaani kifaa cha ndani kinachochora picha kwenye kioo. Usukani tukautia kwenye mfuko wa mbolea, ukatokeza nusu. Kila tuliyekutana naye njiani aliuliza gari lenyewe limebaki wapi.

Chaula alikuwa kijana mwenye maneno matamu na shati lililonyooka, kama lako hilo, Festo. Alitupokea kwa shikamoo mbili mbili, akatuletea kompyuta moja nyembamba, ya rangi ya fedha, nikaipenda kabla haijafunguliwa. Akabonyeza, ikawaka hapo hapo. Akatupigia wimbo wa kwaya, picha safi mpaka vifungo vya waimbaji unavihesabu. Mimi kwangu kazi ilikuwa imekwisha.

Babu yenu akaanza ukaguzi wake. Aliinama akatazama chini ya kompyuta. Akauliza imepita mikono mingapi. Akaweka sikio asikilize feni, akaomba aonyeshwe inapopumulia, halafu akainusa. Nilitaka ardhi inimeze. Chaula kwa adabu akaisoma karatasi ya Osmund, akasema vyote vimo, akamwonyesha stika tatu zilizobandikwa pembeni zikimetameta. Babu yenu akamjibu kwamba lori lake la kwanza liliandikwa nyuma Mwepesi wa Safari, na lilimchukua siku nne kutoka Mbeya mpaka Songea.

Akatoa kile kidude, akataka gemu iingizwe. Ilichukua saa nzima na nusu. Madereva waliokuwa wakisubiri mizigo stendi wakasikia kuna mwenzao ameingia dukani na usukani, wakaja mmoja mmoja mpaka mlango ukaziba. Mwishowe gemu ikafunguka. Muziki ukapiga, na katikati ya kioo likatokea lori jekundu, jipya, limesimama gereji, linazunguka polepole ili ulione pande zote. Watu wakapiga makofi. Nikaitazama mikono ya babu yenu, imekwisha kuushika ule usukani. Nikafungua fundo la kitenge, nikazitoa pesa, na Chaula keshashika kitabu cha risiti.

"Mama Ditrick, rudisha," akasema babu yenu.

"Baba Ditrick, si umeliona lori? Lipa twende zetu, watu wanatutazama."

"Nimeliona limesimama."

Chaula akacheka kidogo. "Mzee wangu, gemu ikishafunguka ndiyo imekubali. Unataka nini tena?"

"Kijana, matajiri walinituma kuwanunulia malori saba, na sikuwahi kuwaletea bovu. Lori halinunuliwi tambarare. Likiwa tupu, mahali pamesawazishwa, kila lori ni zima. Lipakie, lipeleke mlimani, hapo litakwambia lenyewe."

"Lakini hii ni kompyuta, mzee. Haina mlima."

"Mlima umo humo humo ndani," akasema babu yenu, akavaa miwani. "Wewe nisaidie tuutafute."

Nawaambia kweli, nilimkasirikia. Siku ile niliona ni ubishi wa uzee, mtu ameletewa furaha mezani anataka kuipima kwa mizani. Lakini madereva mlangoni wote walikuwa wameitikia kwa vichwa, kwa hiyo Chaula hakuwa na la kufanya. Wakatafuta mzigo mzito kuliko yote, tani ishirini na nne za mbao. Wakatafuta njia yenye milima, wakaweka mvua, na picha babu yenu akaagiza ziwekwe kwenye ubora wa juu kabisa, maana ndivyo alivyoziona kwa Osmund na ndivyo alivyokusudia kuziona nyumbani.

Kilomita ya kwanza hakukuwa na neno. Chaula alikuwa akinitazama mimi na fundo langu. Barabara ilipoanza kuinuka, feni ikaanza kulia. Ililia mpaka jirani anayeuza vifaranga akaja kuuliza kama duka limefunga mashine ya kusaga. Lori likaanza kwenda kwa kurukaruka: likatokea hapa, likapotea, likatokea kule. Babu yenu akakata usukani kushoto, na lori likatafakari kwanza, halafu likakata kushoto wakati kona imekwisha. Likaingia shambani mwa watu wa huko Ulaya, likapita katikati ya uzio, mbao zikamwagika vipande vipande, kimoja leo kingine kesho. Kisha kioo kikawa cheusi. Chaula akagusa chini ya kompyuta akaondoa mkono haraka, imeunguza.

"Mzee," akasema, "nadhani umekanyaga mafuta kwa nguvu sana."

Babu yenu akavua miwani, akaifuta kwa shati, akaivaa tena. "Miaka thelathini na mmoja," akasema, bila kupaza sauti. "Mwanangu, fungua hiyo mashine uone kadi yake ya picha iko wapi."

Nikiri hapa kwamba Chaula hakuwa mwongo. Aliiwasha upya ilipopoa, akaingia huko ndani wanakoingia wao, akasoma, na jasho likamtoka. Akasema haina kadi yake yenyewe, picha zinaazima nguvu za mashine nzima. Alikuwa hajui. Kompyuta zote pale dukani, tangu alipofungua, alizijaribu kwa ule wimbo wa kwaya tu. Zikiimba, anaziuza.

Mimi nilikuwa nimesimama na pesa zangu za tangi kiganjani, nimelowa jasho. Nikawaza: ilibaki kidogo tu nimpe. Ningempa, tungefika nyumbani, na babu yenu angeniona nimetoa maji yangu kwa lori lisilopanda, asingesema kitu, angerudi kwenye benchi. Nikaketi juu ya boksi, nikazifunga tena kwenye fundo.

Chaula akaingia chumba cha nyuma, akatoka na kompyuta ambayo ungekutana nayo jalalani usingeiokota. Nene, nzito, mfuniko una ufa, vitufe viwili havipo, waya wa chaji umefungwa kwa gundi ya karatasi. Akasema hiyo si ya kuuza, ni yake ya kutengenezea video za harusi, lakini kadi ya picha anajua imo kwa sababu aliinunua kwa ajili ya kadi hiyo. Nikamwambia hiyo haiingii nyumbani kwangu hata ya bure. Babu yenu akasema tu, ipakieni.

Tukangoja saa nyingine na nusu. Hakuna dereva aliyeondoka, hata wale ambao mizigo yao ilikuwa imekwisha kufika. Mbao zile zile, tani zile zile, mvua ile ile. Mlima ulipoanza, babu yenu akashusha gia, akashusha tena, na lori likapanda. Polepole, lakini likapanda. Maji yakitiririka kwenye kioo, mafagio yanafagia, kona inakuja na usukani unaitika wakati huo huo. Nyuma yangu nikasikia wanaume wazima wakinong'ona gia. Kufika juu kabisa akaegesha pembeni, akavuta breki, akabaki ameshika usukani kwa mikono yote miwili. Akageuka akanitafuta.

"Mama Ditrick," akasema, "tumefika."

Neno hilo ndilo alilokuwa akiniambia mlangoni kila safari, kwa miaka thelathini na mmoja. Chaula akakubali kuiuza, na pesa nilizitoa mimi mwenyewe.

Toka siku ile Chaula hakuuza tena kwa kwaya. Alijinunulia gemu yake ya kupimia, na mteja akiingia anaulizwa kwanza, tupande? Madereva wakaubeba msemo wakaupeleka mpaka Tunduma. Mchungaji akausema madhabahuni wakati wa kuchagua wazee wa kanisa, na wawili wakajitoa wenyewe. Ukafika mpaka kwenye posa, kwa sababu mchumba naye huja siku amepiga pasi, anakaa kwenye kiti kizuri, anaulizwa maswali mepesi na anajibu vizuri. Mimi mwenyewe nilimkubali babu yenu tambarare, nisiwadanganye. Mlima wake niliuonea njiani. Alipanda, lakini mwaka ule wa benchi ningependa niwe nimeonywa.

Mnasikia honi hiyo? Amefika. Atazima mashine, atakuja kukusalimu, Festo. Umenieleza vizuri sana kuhusu kazi yako, na namna utakavyomtunza Otilia, na sauti unayo nzuri. Sasa nina magunia sita ya viazi kule bondeni, na njia ya kuyapandisha ni ile nyekundu unayoiona pale, iliyosimama wima. Mbona unatazama viatu? Vivue, Otilia atakushikia. Wewe Otilia kaa, usimsaidie kubeba, na uso huo uukunjue. Tena usimwonee huruma kwa hilo shati, maana iliyopanda kwa Chaula ilikuwa ile yenye ufa.

Nenda, mwanangu, ukirudi chakula kitakuwa tayari. Na babu yake akitoka akiniuliza mgeni yuko wapi, nitamjibu kwa maneno yake mwenyewe: lori halinunuliwi tambarare.