Ufa Nyuma ya Jiko

Wapendwa, hebu mfikirieni mama mmoja mjane, mkulima wa maharage, aliyeishi ubavuni mwa mlima. Mvua ya masika ilikuwa imenyesha siku tisa mfululizo. Siku hiyo ya tisa mama akawa hatulii. Ashike jembe, aliache. Akae ale, ainuke. Hakuna jiwe lililobingirika wala mti ulioinama, lakini moyo wake ulimwambia: mlima huu unaondoka.

Akapanda mbio kwa jirani yake wa juu, aliyejenga ukingoni mwa genge. "Mwenzangu, hama! Nyumba yako inakwenda."

"Umeota?" jirani akamuuliza. "Au kuna mtu unamtafutia kiwanja changu?"

Akashuka kwa mtaalamu aliyetumwa kupima udongo. Bwana yule akamwambia kwa upole, "Mama yangu, nimepima leo leo. Mlima haujasogea hata upana wa ukucha."

"Umepimia wapi, baba?"

"Barabarani, kwenye vigingi vyangu."

"Na barabarani analala nani?"

Swali lilimkera mtaalamu, kwa sababu lilikuwa la haki. Kesho yake aling'oa vigingi, akavipigilia upya kuanzia kwa jirani wa juu hadi uani kwa mama. Mama akawa nyuma yake hatua kwa hatua, akimwonyesha genge la jirani: "Pale! Pima pale!"

Siku ya pili yake akamjia. "Mama, ulisema kweli. Mlima unasogea."

Mama akapiga makofi. "Si nilimwambia yule!"

"Yule yuko juu ya mwamba. Unaosogea ni upande huu, ulipojenga wewe." Akafunua majani ya maboga nyuma ya jiko la mama. Ufa! Mkono wa mtu unazama mpaka kwenye kiwiko.

Jamani, mnadhani mama alishukuru? Alifoka! "Kipimo chako kibovu! Moyo wangu haujawahi kunidanganya!" Akaketi mlangoni, akagoma. Aliyemtoa ni yule jirani. Alishuka, akajitwika godoro la mama na kuanza kupanda nalo. Mama akamfuata akimgombeza. Hawajafika juu, wakasikia mngurumo nyuma yao. Wakageuka. Jiko halipo. Nyumba haipo.

Sasa sisi. Wapo kati yetu wanaosema kisichopimika hakipo. Ndugu, bila mahangaiko ya mama yule, vigingi vingebaki palepale, na kila siku vingesema kweli tupu, kweli ya barabara. Lakini wengi wetu tuliomo humu, nami nikiwemo, tunaugua ugonjwa ule mwingine. Jambo linatugusa moyoni, nalo ni la kweli kabisa, halafu tunalibeba mbio kwa jirani. "Nimeonyeshwa, fulani ana shida." Je, ulikubali lipimwe? Na lilipopimwa likaangukia uani kwako, ulimfanyaje aliyekuambia?

Mungu aliyeuweka mshtuko ule moyoni mwako ndiye aliyempa mwenzako macho ya kuchunguza. Ukimfukuza mwenzako huyo, umemfukuza mjumbe Wake. Na huyo uliyemfukuza unamjua. Labda ni daktari. Labda ni mkeo, au mwanao mwenyewe. Ukitoka hapa mtafute, kabla hujala.